Dar es Salaam Haijajaa, Haijapimwa

Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo Dar es Salaam, hukumu hutoka kabla maji hayajapungua Jangwani. Utaisikia redioni asubuhi, utaisikia ndani ya daladala iliyokwama Magomeni, utaisikia kwa mheshimiwa mbunge na kwa mwenye duka la jumla Kariakoo: jiji limejaa. Watu wamezidi. Wametoka mikoani kwa maelfu, wamejenga holela, wamevamia mabonde, wameziba mitaro kwa taka zao, na sasa wanataka serikali iwaokoe. Warudi kwao wakalime. Msemaji akiwa mpole ataongeza kwamba kila mji una kikomo chake, na huu wetu umeshakifikia.

Hukumu hiyo nimeisikia pia kwa watu ninaowaheshimu, wakiwamo wahandisi na maofisa mipango miji. Naikataa. Takwimu haziiungi mkono, historia imekwisha kuijaribu ikashindwa, na zaidi ya yote inamtwisha mpangaji wa chumba kimoja cha Tandale lawama ya kazi ambayo hakuna raia anayeweza kuifanya peke yake.

Tuanze na idadi, maana ndiyo ngao inayoinuliwa kwanza. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ongezeko la zaidi ya watu milioni moja ndani ya miaka kumi si jambo la kupuuza. Lakini ukilitazama kwa kasi, ni wastani wa asilimia 2.1 kwa mwaka, wakati nchi nzima katika miaka hiyo hiyo ilikua kwa asilimia 3.2. Yaani jiji tunaloambiwa linafurika watu lilikua polepole kuliko Tanzania kwa ujumla wake. Katika muongo uliotangulia, 2002 hadi 2012, kasi ya Dar es Salaam ilizidi asilimia 5. Imeshuka zaidi ya nusu. Je, mafuriko nayo yameshuka kwa nusu? Foleni za Mbagala zimepungua? Anayeshikilia kwamba wingi wa wageni ndio ugonjwa inabidi aeleze kwa nini wageni wamepungua kasi na mgonjwa hajapata nafuu.

Halafu kuna hao wanaoitwa wageni. Kila usiku katika wodi za wazazi za Amana, Temeke na Mwananyamala wanazaliwa watoto ambao hawajapanda basi kutoka mkoa wowote. Mama zao wengi nao wamezaliwa hapa hapa. Ukimwambia kijana wa Buguruni arudi kwao, anarudi Buguruni.

Dawa ya kuwarudisha watu vijijini imeshajaribiwa, tena kwa nguvu za dola. Serikali ya Waingereza ilikuwa ikiwakamata Waafrika wasio na ajira mjini, ikawabandika jina la wahuni, ikawasafirisha kwenda wilaya zao. Baada ya uhuru, wakati uchumi umebana, tukapata Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983: vijana wakasombwa mitaani, wakapakiwa kwenye magari, wakapelekwa vijijini na mashambani wakaambiwa wazalishe. Wengi wao walirudi mjini. Sensa ya 1978 ilikuta watu 843,090 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 1988, miaka mitano baada ya msako, ikakuta 1,360,850. Na walirudi kwa sababu zenye mantiki. Bandari iko hapa, soko la Kariakoo liko hapa, na mwenye mikono mitupu hupata hapa kibarua cha leo kinachomlisha leo. Sioni kwa nini wazo lililoshindwa mikononi mwa mkoloni, likashindwa tena mikononi mwetu wenyewe, liendelee kutolewa kila masika kama jipya.

Sasa tufike kwenye kiini cha malumbano haya.

Mtu wa kipato cha chini anaweza kufanya mambo mengi makubwa bila msaada wa mtu. Anaweza kununua matofali kidogo kidogo kwa miaka saba. Anaweza kuchimba choo, kuvuta umeme, kupandisha lenta, kuezeka chumba kimoja akahamia huku vingine vikisubiri. Takribani asilimia 70 ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi katika makazi yaliyojengwa namna hiyo, na ukipiga hesabu ya fedha zilizozama kwenye kuta hizo utaona kwamba wawekezaji wakubwa wa jiji hili ni mama ntilie, fundi, mlinzi na mwalimu wa shule ya msingi. Jambo moja hawaliwezi. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kutenga ukanda wa ardhi unaopita kwake, ukapita kwa jirani, ukapita kwa watu mia mbili asiowajua hadi mtoni, ili siku moja pawe na barabara, mtaro na bomba. Kazi hiyo inahitaji mamlaka. Inahitaji mtu mwenye ramani na nguvu ya sheria, aje kabla nyumba hazijasimama, aweke bikoni, aseme: hapa hapajengwi.

Mamlaka hayo yakifika mapema, hata kwa fedha chache, jiji hubeba watu wengi bila kuvunjika. Ushahidi uko mbele ya macho yetu. Mistari ya Kariakoo ilipimwa enzi za Wajerumani na Waingereza kwa ajili ya nyumba za Kiswahili za vyumba sita. Leo kwenye viwanja hivyo hivyo kuna ghorofa nane, kumi, na mistari ile bado inapitisha mabomba, nyaya, magari na umati ambao hakuna aliyeuota wakati kamba zinavutwa.

Mfano ulio karibu zaidi ni Sinza. Katika miaka ya sabini serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa ajili ya watu wa kawaida. Haikuwajengea nyumba. Iliwapa kiwanja chenye mipaka, barabara na huduma za msingi, na kila mtu akajenga kadiri ya mfuko wake. Mradi huo haukudumu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini ulikwisha, na fedha ya nchi nayo ilikuwa imekwisha. Miongo minne baadaye watafiti walipolinganisha maeneo yaliyopimwa kabla ya ujenzi na yale ya jirani, katika miji kadhaa ya Tanzania, walikuta yale yaliyopimwa mapema yana nyumba bora zaidi na mitaa iliyonyooka. Kwa mkazi wa Dar es Salaam utafiti huo unathibitisha kile anachokiona akivuka Mto Ng'ombe kutoka Sinza kuingia Tandale.

Tandale mtaani kwenyewe, njia kati ya nyumba na nyumba mara nyingi ni upana wa mabega ya watu wawili. Jeneza likitoka, wabebaji hawawezi kwenda sambamba. Linapokezanwa kwa mikono hadi barabarani. Nyumba ikiungua, gari la zimamoto linaishia kwenye lami na askari wanakimbia na mpira usiofika. Gari la kunyonya majitaka nalo halifiki, kwa hiyo choo kikijaa mwenye nyumba anabaki na njia mbili: alipe vijana wachote kwa ndoo usiku, au asubiri mvua kubwa atapishe. Kutapisha choo ni kutoboa shimo pembeni ili maji ya mvua yasombe kilichomo. Kinapita mlango wa jirani, kinapita kwenye kisima, kinaingia mtoni. Kipindupindu kikizuka tunatumiwa ujumbe wa kunawa mikono.

Mwenye hukumu ya "jiji limejaa" akiona hilo husema, watu hawa hawana ustaarabu. Mimi naona gari lisiloweza kupita. Mfumo wa mabomba ya majitaka jijini unahudumia sehemu ndogo tu ya wakazi, chini ya mmoja kati ya kumi. Waliobaki wote wanategemea shimo na gari. Ukinyima mtaa njia ya gari, umewanyima choo. Uamuzi huo haukufanywa na mama anayetapisha. Ulifanywa miaka thelathini kabla, siku ambayo mpima hakuja.

Na mpima hakuja kwa sababu zinazojulikana. Mwanzoni mwa miaka ya sabini mabaraza ya miji yalifutwa, kazi zake zikahamishiwa mikoani kwa jina la madaraka mikoani, na yaliporejeshwa mwaka 1978 yalikuta magari mabovu, hazina tupu na wataalamu wametawanyika. Mpango mkuu wa jiji ulitengenezwa mwaka 1968, mwingine mwaka 1979. Uliofuata ni ule wa 2016 hadi 2036. Kati ya hiyo miwili ya mwisho, Dar es Salaam ilitoka kwenye watu chini ya milioni moja ikakaribia milioni tano. Watu milioni nne walitafuta pa kulala katika jiji lisilo na mpango mkuu mpya, wakapapata, na leo tunawaita wavamizi.

Niutendee haki upande wa pili. Tangu 2002 kulikuwa na mradi wa viwanja 20,000, uliopima maeneo kama Mbweni, Bunju, Kibada, Tuangoma na Buyuni. Ulikuwa mradi mzuri, na ulionyesha kwamba serikali ikiamua inaweza. Lakini bei na masharti ya malipo vilimfaa mwenye mshahara mzuri au biashara, na idadi yenyewe, hata ilipovuka lengo, ilikuwa kikombe kimoja kwa kiu ya mji mzima. Fundi wa Keko hakupanga foleni kwa ajili ya Mbweni. Alikwenda Kivule, akanunua kwa dalali.

Hoja ya mabonde ndiyo kali kuliko zote, na sitaikwepa. Ni kweli kwamba kujenga katika bonde la Msimbazi ni hatari ya kufa. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 jijini. Watu wa pale lazima wahame, na anayewaambia wabaki hawapendi. Ninachokataa ni neno wavamizi. Mvamizi huingia kwa siri. Hawa waliuziana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ofisi ikapiga muhuri na kuchukua asilimia yake. Shirika la umeme likawafungia mita. Wakaandikishwa kupiga kura hapo hapo, na kila uchaguzi wagombea wakashuka bondeni kuwaomba. Baada ya yote hayo, mwishoni mwa 2015, wakaamka wakakuta alama ya X nyekundu ukutani na tingatinga mlangoni.

Na serikali yenyewe ilijenga wapi? Karakana ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria Mei 2016, iliwekwa Jangwani, katikati ya uwanda wa mafuriko wa Msimbazi. Ilijengwa na wahandisi, kwa michoro, kwa vibali na kwa mkopo wa kimataifa. Imefurika mara kadhaa, mabasi yameharibika, huduma imesimama, na sasa mradi wa Bonde la Msimbazi umepangiwa kuihamisha na kujenga daraja refu pale. Kama taasisi yenye wataalamu na fedha zote hizo iliona bondeni ndiko kulikobaki nafasi karibu na mjini, tutamlaumu vipi muuza samaki wa Feri kwa kuona vivyo hivyo? Alihitaji kulala mahali ambapo saa kumi alfajiri anaweza kufika sokoni kwa miguu. Waliohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya 2011 walipewa viwanja, na baadhi yao waliviuza wakarudi mjini, kwa sababu kibarua hakikuhamishiwa Mabwepande pamoja nao.

Kuhusu taka na mitaro, hapa watu wana makosa na nitasema hivyo. Nimeona kijana akimimina gunia zima la maganda na plastiki mtaroni mchana kweupe, na majirani wakanyamaza. Ni aibu. Lakini guta la taka likipita mara moja kwa wiki mbili, na mitaa mingine lisipite kabisa kwa kuwa hakuna pa kupita, taka zile zitakwenda mahali fulani. Wakazi wa jiji hili wameshaonyesha kwamba wanauchukia uchafu kuliko wakubwa wao. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jalala lililokuwa likifuka moshi na harufu juu ya vichwa vyao. Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu aliwapa haki, akaisimamisha hukumu yake kwenye haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Watu wale hawakuomba kurudishwa mikoani. Walidai jiji lifanye kazi ya jiji.

Mfano wa pili ni Hanna Nassif, Kinondoni, mtaa wa bondeni ambao haukupimwa. Katika miaka ya tisini wakazi, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine, walichimba na kujenga wenyewe mitaro ya maji ya mvua na njia za mtaa, kwa mikataba iliyosainiwa na jumuiya yao, wakilipwa ujira. Mtaro uliochimbwa na mikono ya watu wa mtaa una walinzi wengi. Ningependa kuona kila halmashauri ikirudia jambo hilo kila mwaka kama shughuli ya kawaida ya bajeti, kuliko kusubiri mfadhili aje na jina jipya la mradi.

Hapo mtu atauliza: fedha ziko wapi? Swali zuri, na jibu lake linatuumbua. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Ilipoanza ilikuwa Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh5,000 kwa ghorofa. Fikiria maana yake. Nyumba ya bati ya Manzese na jumba la chini la Masaki lenye bwawa la kuogelea, lililo kwenye kiwanja ambacho bei yake ingenunua mtaa mzima wa Manzese, zinatozwa sawa. Na kwa kuwa anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, kodi ya mwenye nyumba inalipwa na asiye na nyumba. Kodi inayokua pamoja na thamani ya ardhi ndiyo inayopaswa kujenga mitaro ya mji unaokua, maana barabara ikipita mbele ya kiwanja, thamani hupanda bila mwenyewe kunyanyua kidole. Sisi tuliifanya iwe ndogo, sawa kwa wote, tukaipeleka serikali kuu, kisha tunashangaa halmashauri haina hata fedha ya kuzibua karavati.

Mamlaka nayo yamegawanyika hadi mwananchi hajui amlilie nani. Barabara kuu ni ya TANROADS. Ya mtaani, tangu 2017, ni ya TARURA. Bomba ni la DAWASA, nguzo ni ya TANESCO, taka ni za manispaa. Kilichokuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, chombo kilichounganisha manispaa zote, kilivunjwa Februari 2021 na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Sikitetei chombo kile, kilikuwa na udhaifu wake. Lakini Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu ukapita manispaa zaidi ya moja kabla ya kufika Daraja la Salander, na maji hayasimami kwenye mpaka wa kata kusubiri vikao. Mtaro wa TARURA ukimwaga kwenye mfereji ambao hakuna anayekubali kuwa ni wake, nyumba inayofurika ni ya mtu mmoja anayejulikana kwa jina mtaani kwake.

Maji ya kunywa yanasimulia habari ileile. Oktoba 2022 Mto Ruvu uliposhuka, mgao ukatangazwa, na mara wakajitokeza waliosema watu ni wengi mno kwa mto huo. Bwawa la Kidunda, lililokusudiwa kuuwekea mto huo akiba, lilizungumzwa kwa miongo. Ujenzi wake ulianza 2023. Na kwa miaka mingi karibu nusu ya maji yaliyosukumwa kutoka Ruvu yalikuwa yakipotea kabla hayajalipiwa, mengine kwenye mabomba yaliyopasuka, mengine kwenye maunganisho ya wizi. Mto uliotobolewa ndoo yake njiani hauwezi kutumika kuthibitisha kwamba wanywaji wamezidi. Wakati huohuo asiye na bomba ananunua dumu. Dumu la lita 20 likiuzwa Sh100, uniti moja ya lita 1,000 inamgharimu Sh5,000, na mwenye bomba ndani ya uzio analipa chini ya nusu ya hiyo. Watu tunaoambiwa hawawezi kulipia huduma wanalipa zaidi ya wote.

Zipo pia barabara za juu: Mfugale pale Tazara, Kijazi pale Ubungo. Ni kazi nzuri na zimepunguza kero. Ila daladala ikishuka kwenye lami safi ya Kijazi bado inaingia Goba, Msakuzi au Kivule kwenye njia iliyobaki baada ya kila mtu kujenga, na mvua ikinyesha njia hiyo ndiyo mtaro. Tumezoea kuupima mji kwa yale yanayoonekana kutoka kwenye ndege.

Na wimbi hili la watu na ujenzi halikuishia Dar es Salaam. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu takribani milioni 1.1 mwaka 2012. Mwaka 2022 ulikutwa na zaidi ya milioni 2. Jiji limemwagikia Kibaha, Mkuranga, Bagamoyo na Kisarawe, na hapo ndipo malumbano haya yanapoacha kuwa ya historia. Nenda Vikindu au Mapinga Jumamosi yoyote. Dalali anasimama kwenye mkorosho, anahesabu hatua: ishirini kwa ishirini, anachora mstari kwa kisigino, mnunuzi anatikisa kichwa. Kati ya kiwanja hicho na kinachofuata wameacha njia ya pikipiki. Mjumbe wa serikali ya kijiji yupo, atasaini. Mnunuzi ni nesi, au dereva, au mama aliyevunja kikoba. Hajavunja sheria yoyote anayoijua. Anachonunua bila kujua ni kichochoro cha mwaka 2045, pamoja na choo kisichofikiwa na gari na mafuriko yatakayomletea hukumu ya watu wa redioni.

Leo ukanda wa mita kumi na mbili kupita kwenye mikorosho ile unapatikana kwa bei ya pori, na wenye mashamba wengi wangeutoa bure, kwa sababu kiwanja chenye barabara huuzwa ghali kuliko kisicho nayo. Baada ya miaka kumi ukanda huohuo utanunuliwa kwa fidia, kesi na machozi. Zoezi la urasimishaji wa makazi limetuonyesha hivyo mitaani kwetu: mpima anayekuja baada ya nyumba hufuata vichochoro alivyovikuta, akavichora kwenye karatasi, akaviita barabara.

Kwa hiyo ninachowataka wakurugenzi na madiwani wa Mkuranga, Kibaha, Bagamoyo na Kisarawe ni kidogo na cha haraka. Wasisubiri mpango mkuu wenye picha za maghorofa, wala lami. Watume wapima waanze na njia tu: barabara za kuunganisha vijiji, mikondo ya asili ya maji, mahali pa shule na soko. Waweke bikoni za zege, wachore ramani kubwa ukutani kwenye kila ofisi ya kijiji, na wapige marufuku muhuri wa mauziano kwa kipande chochote kinachogusa mistari hiyo. Fedha ya kazi hiyo ni ndogo kuliko gharama ya daraja moja la Jangwani. Kinachohitajika zaidi ya fedha ni diwani aliye tayari kusimama chini ya mkorosho siku ya Jumamosi, na kumwambia dalali mbele ya wanunuzi wake kwamba kipande kile hakiuzwi.